Kichupa Kisichojaa

Happiness, ambaye sasa anakalia kiti changu na tayari amekishusha urefu, ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi maabara. Anataka niandike uzoefu. Nilipomuuliza uzoefu upi, akasema wowote, Mzee, ila usiwe mrefu. Nimekaa na ombi hilo wiki mbili nyumbani Butimba, nikisikiliza wanachuo wa ualimu wakifanya mazoezi ya kwaya, na nimegundua kwamba miaka thelathini na sita ya kazi ni kitu kigumu kukiweka kwenye kurasa chache, hasa ukiwa umeitumia karibu yote ukimchoma mtu sindano na kumwambia haiumi.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mishahara mnaijua. Nitaandika juu ya mtu mmoja aliyenifundisha kujaza kichupa cha damu, na jinsi somo hilo lilivyokaribia kumuua mwenyewe.

Nilifika hospitali yetu hapa Mwanza nikiwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Ukerewe kupitia chuoni, nimevaa koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi na wanga mpaka likawa na msimamo kuliko mimi. Mkuu wa benki ya damu alikuwa mwanamke wa Kihaya anayeitwa Kokushubila. Watu wote, hadi madaktari wenye mvi, walimwita Mama Koku, ingawa mimi alinizidi miaka saba tu. Alikuwa mwembamba, sauti yake haikupanda hata siku moja, na ulikuwa ukimsikia vizuri kuliko wanaofoka.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Busisi aliyevuka kwa kivuko alfajiri ili awahi foleni. Mishipa yake ilikuwa imejificha. Nilihangaika naye mkono wa kushoto, nikahamia wa kulia, na mwishowe nikapata nusu ya kichupa, kile chenye kofia ya zambarau. Nilikipeleka ndani kwa fahari. Kwa hesabu zangu, kupata chochote kutoka kwenye mkono ule kulistahili makofi.

Mama Koku alikiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni nini?"

"Damu, Mama."

"Kwamba ni damu naona. Imefika wapi?"

"Nusu."

"Na mstari uko wapi?"

"Juu kidogo."

"Nenda kamwombe radhi, halafu ujaze."

Alinieleza sababu baadaye, kwa sababu alikuwa na kanuni kwamba kwanza unatii kisha unaelewa. Ndani ya kichupa kile mna dawa ya kuzuia damu isigande, na imepimwa kwa kichupa kilichojaa. Damu ikiwa kidogo, dawa inazidi, chembe zinasinyaa, na jibu linatoka la uongo. Daktari anamtibu mgonjwa ambaye hayupo. Hayo niliyasikia baadaye. Kwa wakati ule nilirudi kwenye benchi, nikamwomba mzee radhi, nikamchoma mara ya tatu. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Kijana, nilidhani nimekuja kupimwa, kumbe nimekuja kuchanga."

Wiki hiyohiyo Mama Koku alibandika tangazo juu ya meza ya kupokelea sampuli. Aliliandika kwa mkono, herufi kubwa zilizosimama wima: KICHUPA KISICHOFIKA MSTARI KINARUDISHWA. HAKUNA MJADALA. Chini yake aliweka sahihi. Sijui kama aliliandika kwa ajili yangu. Wenzangu hawakuwa na shaka yoyote juu ya hilo.

Mengine aliyonifundisha ni haya, na bado yanafaa. Mshipa unatafutwa kwa kidole, macho yanadanganya. Mpira wa kufungia mkono ukikaa muda mrefu unaharibu majibu, kwa hiyo kama una hadithi ya kumsimulia mgonjwa, msimulie kabla hujafunga. Kichupa hakitikiswi, kinapinduliwa taratibu mara nane, kama unavyogeuza samaki asimeguke kikaangoni. Friji la damu linafunguliwa ukiwa tayari unajua unachokitaka. Mtu anayefungua friji ili afikirie, alisema, aende akafikirie kwenye friji la nyumbani kwake.

Kazi iliyotutesa kuliko zote ilikuwa kuitafuta damu yenyewe. Kila mtu mjini alitaka friji letu lijae, na hakuna aliyetaka lijae kutoka kwake. Tulikwenda vyuoni, makanisani, sokoni, tukiwa na soda na biskuti, na vijana walikula biskuti wakakumbuka kwamba wana mafua. Mama Koku alikuwa na njia yake. Alisimama mbele ya darasa, akakunja mkono wa gauni, akaniambia nianze na yeye. Kisha akawauliza wanachuo huku damu yake ikishuka kwenye mfuko: "Nani kati yenu ameshaona damu ikiuzwa dukani?" Hapo foleni ikaanza. Alitoa damu yake mwaka hadi mwaka mpaka kanuni za umri zikamkatalia, na siku hiyo alinuna kama mtu aliyenyang'anywa shamba.

Alipostaafu alijenga Buswelu, akafuga kuku, na tulidhani tumeshajua mwisho wa habari zake. Lakini kuna waumini waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba asubuhi wakizungumza Maandiko. Mama Koku aliwafungulia mlango ili abishane nao, kwa kuwa kuku hawabishani na alikuwa ameikosa raha hiyo. Walibishana naye miezi kadhaa. Kisha tukasikia amebatizwa. Nimemfahamu miaka mingi na hiyo ndiyo mara pekee niliyosikia ameshindwa kwenye mjadala, au labda ndiyo mara pekee alipokutana na watu waliokuwa tayari kurudi wiki inayofuata.

Waumini hao, kama mnavyojua, hawapokei damu ya mtu mwingine. Tulicheka sana maabara siku ile. Mkuu wa benki ya damu, jamani. Tulicheka kwa sababu hakuwa mgonjwa.

Miaka sita baada ya kustaafu, Mama Koku aliletwa wodini kwetu akiwa na maumivu ya mgongo na uso uliopauka. Ilikuwa saratani ya uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Wingi wa damu yake ulisoma saba, wakati mwanamke mzima anatakiwa kufika kumi na mbili. Wodi ikaomba mifuko miwili, na mimi, kwa heshima, sikumtuma mtu. Nilichukua fomu mwenyewe nikapanda ngazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Magesa. Umeshika nini?"

"Fomu."

"Ya damu?"

"Ndiyo."

"Irudishe ilikotoka. Mimi nimeshasaini ya kwangu." Akanionyesha kadi iliyokuwa kwenye mkoba wake, yenye jina lake na sahihi ileile ya kwenye tangazo.

Nilikasirika, na sitalificha hilo. Niliona kama ameisimanga kazi yetu yote, yale madarasa, zile biskuti, mkono wake mwenyewe uliokunjuliwa mbele ya watu. Nikamuuliza kama miaka yote ile tulikuwa tukitenda dhambi.

"Nimesema mimi siitaki," alijibu. "Sijasema mwingine asipewe. Nikisikia kuna mzazi amekosa damu kwa sababu friji lako liko tupu, nitashuka hapo chini na maumivu yangu nikugombeze. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa, ila nilikuwa nimezoea kutii kwanza.

Alianza kutibiwa kwa dawa za saratani, na ugonjwa ukatulia kidogo. Daktari wetu akasema nafasi yake nzuri ni kupandikizwa. Niwaeleze kwa lugha ya nyumbani, maana nilimweleza hivihivi Jovitha, binti yake. Mgonjwa anaunganishwa na mashine inayopitisha damu yake na kuvuna seli shina, zile zinazozaa chembe zote nyingine. Zinahifadhiwa kwenye baridi. Kisha anapigwa dawa kali inayofagia uloto wote, mbovu na mzima. Halafu anarudishiwa seli zake mwenyewe zikaote upya. Katikati hapo, kwa majuma mawili hivi, mtu hana kiwanda cha damu. Wagonjwa wengine huvushwa kipindi hicho kwa damu ya watu wengine. Mama Koku alitaka kuvuka bila chombo.

Dar es Salaam kulikuwa na daktari aliyekubali. Alizungumza nasi kwa simu, mtu wa maneno machache. "Akifika kumi na mbili nampokea," alisema. "Akiwa chini ya hapo simgusi, maana atakufa mikononi mwangu." Kwa hiyo kazi yetu ikawa rahisi kuisema: kumtoa saba kumfikisha kumi na mbili, bila kumwekea hata tone.

Nilimchokoza siku moja kuhusu zile seli. "Zitalala kwenye friji, Mama. Zikirudi mwilini si damu hizo?"

"Ni zangu, na hilo nimeliamua kwa dhamiri yangu baada ya kulisomea. Wewe ulisomea nini kabla ya kuniuliza?"

Nikashuka ngazi.

Akawekewa madini ya chuma kwa dripu, akapigwa sindano za kuuhimiza uloto utengeneze damu, akala dagaa na mboga za majani mpaka akazichukia. Damu ikapanda hadi nane na nusu, kisha ikakwama, kisha ikaanza kushuka. Madaktari walikuna vichwa. Mimi nilikuwa nikiyaona majibu yake kila asubuhi, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, ila sikuliona: kila asubuhi. Kwa kuwa alikuwa mgonjwa asiyeweza kuongezewa damu, kila mtu alikuwa na wasiwasi naye, na kwa kuwa kila mtu alikuwa na wasiwasi, alipimwa kuliko mgonjwa yeyote wodini. Tulimtoa damu kila siku ili tujue imepungua kiasi gani. Ilikuwa inapungua.

Aliyegundua ni yeye. Nilimkuta ameketi kitandani na kalenda ya ukutani mapajani, amechora vijistari kwenye kila tarehe.

"Hivi ni nini, Mama?"

"Vichupa mlivyonichukua. Jumatatu vitatu, Jumanne vinne, Jumatano vitatu, jioni mkarudia kimoja kwa sababu karatasi ilipotea. Jumlisha mwenyewe. Magesa, mimi sikatai damu peke yangu. Na ninyi mnanikatalia ya kwangu."

Niliona aibu kiasi cha kukosa pa kuangalia. Siku hiyo nilikwenda wodi ya watoto, nikaomba boksi la vichupa vya watoto wachanga, vile vidogo kama kidole cha mwisho, ambavyo navyo vina kofia ya zambarau na mstari wao mdogo. Nikakubaliana na wodi: mara mbili kwa wiki, kichupa cha mtoto, basi. Nikamweleza Mama Koku kama mtu aliyevumbua moto. Kisha nikaenda kwenye semina ya siku sita katika hoteli moja ya ufukweni. Mada ya semina ilikuwa usalama wa mgonjwa.

Niliporudi, damu yake ilikuwa imeshuka chini ya saba.

Nilifuatilia. Wodi walikuwa wamefanya kama tulivyokubaliana. Kichupa cha mtoto kilishuka maabara, kikapokelewa na Happiness, ambaye wakati huo alikuwa na miezi mitatu tangu ahamishiwe kwetu na hakuwa ameambiwa lolote. Aliona jina la mtu mzima kwenye kichupa kidogo. Akakilinganisha na kichupa cha kawaida, akaona hakifiki mstari, akainua macho juu ya meza yake, akasoma, na akafanya kama alivyoagizwa. Alikirudisha. Muuguzi akachukua upya kwa kichupa kikubwa, akajaza vizuri. Mara ya pili hivyohivyo. Na kwa kuwa jibu lilikuja limeshuka, daktari wa zamu akaagiza irudiwe kila siku.

Happiness alilia nilipomuuliza. Nilimwambia asilie, kwa kuwa amefundishwa vizuri, na aliyemfundisha ni mimi. Kisha nikapanda ngazi tena.

"Nani anarudisha sampuli zangu?" Mama Koku aliuliza kabla sijasalimia.

"Wewe, Mama."

Alinitazama.

"Ni tangazo lako. Lile la juu ya meza."

"Bado lipo?"

"Tuliliwekea plastiki lisichakae."

Mimi nilitegemea angetabasamu, kwa sababu kama lingempata mtu mwingine angelitabasamia. Badala yake aliuliza, kwa sauti ya kazini, "Mashine yenu mpya inavuta kiasi gani hasa?"

Sikujua. Niwaambie kitu ambacho nilistahili kufukuzwa kwacho: mashine ile ilikuwa na miaka minne kwenye maabara yangu, na kitabu chake kilikuwa bado ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikileta. Tulikisoma pamoja, yeye na miwani yake, mimi nimesimama pembeni kama mwaka wa kwanza. Mashine ilikuwa inavuta matone machache tu. Kichupa kikubwa, karibu chote, tulikuwa tukikimwaga kwenye ndoo ya taka. Tulikuwa tunatumia kikubwa kwa sababu ya mashine ya kwanza kabisa, iliyokufa kabla Happiness hajamaliza shule ya msingi.

"Wote hao," alisema Mama Koku. Sikumuuliza akina nani. Nilimkumbuka mzee wa Busisi.

Tukabadilisha kila kitu. Kichupa cha mtoto, mara moja kwa wiki, nachukua mimi au Happiness na si mwingine, na karatasi inafuata sampuli mkononi. Damu ikagoma kwa wiki mbili, kisha ikaanza kupanda, nusu kwa nusu.

Na sasa inabidi niandike jambo ambalo Happiness analijua na wengine hamlijui. Katika wiki zile mbaya, wakati sampuli zake zilikuwa nyingi na mabaki yamejaa kwenye kishikio cha vichupa, niliyatumia mabaki hayo kupima ulinganifu. Nilimtafutia mfuko wa damu unaomfaa, nikauwekea kibandiko chenye jina lake, nikauweka rafu ya chini nyuma kabisa. Nilijiambia kwamba akizidiwa atabadili mawazo, na akibadili mawazo isiwe tunaanza kuhangaika. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikiuangalia kila asubuhi, na nilikuwa nikipata amani kwa kuuona.

Siku aliyoruhusiwa kwenda nyumbani kungojea safari, alishuka maabara kutuaga. Alitembea polepole, amemshika Jovitha bega. Akamsalimu kila mtu, akaligusa lile tangazo kwa kidole, akaenda moja kwa moja kwenye friji la damu na kulifungua, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka yake yote ya kazi. Sikuwahi kufikiria kwamba angelifungua. Ni kosa ambalo mtu aliyefanya naye kazi hakupaswa kulifanya.

Aliliona jina lake. Akafunga mlango, haraka, kama inavyotakiwa.

"Umepima ulinganifu kwa damu ya nani?"

"Yako, Mama."

"Uliyoichukua kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya kupima wingi."

"Kwa hiyo nilikupa kwa kazi moja ukaifanyia nyingine, nyuma yangu, ile niliyokukataza." Aliyasema haya bila kupandisha sauti, na Jovitha akaangalia sakafu. "Umeniibia, Magesa."

Nilisema nilikuwa naogopa. Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu pekee niliyokuwa nayo.

"Hata mimi naogopa. Toa jina langu."

Nilikibandua kibandiko mbele yake. Mfuko ule ulitoka kesho yake kwenda wodi ya wazazi, kwa mama mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa aliyekuwa amepoteza damu nyingi, na alirudi kwao na mtoto.

Kabla hajaondoka, Mama Koku aliniita pembeni. "Nikiwa huko Dar, siku nitakapokuwa chini kabisa, Jovitha atakupigia simu. Atakuomba uniambie nikubali, maana anadhani wewe nakusikiliza. Usiniambie."

"Na nikikwambia?"

"Nitakataa, halafu huenda nikafa nikiwa nimekukasirikia. Hilo silitaki."

Nikaahidi. Nilikuwa na shaka na ahadi yangu, na naamini naye alikuwa nayo.

Alifika kumi na mbili na pointi moja. Ile pointi moja tulishangilia kama goli la dakika ya mwisho. Akasafiri. Seli zake zikavunwa, dawa kali ikapigwa, seli zikarudishwa. Kisha tukaingia kwenye yale majuma mawili. Jovitha alinitumia ujumbe kila mchana: kumi, tisa, saba na nusu, sita. Niliacha kula mchana. Happiness aliacha kuniuliza kitu chochote kabla ya saa saba.

Siku ya kumi simu iliita badala ya kuleta ujumbe.

"Mjomba Magesa, shikamoo. Iko nne na nusu." Alikuwa analia. "Daktari mkubwa amesafiri, huyu aliyepo anasema moyo unahangaika. Damu ipo hapohapo, Mjomba, iko kwenye friji lao, ni kusema ndiyo tu. Nakuwekea simu sikioni kwake. Mwambie. Wewe anakusikia."

Nikasikia pumzi yake, fupi fupi. Nilikuwa nimesimama mbele ya friji langu lililojaa. Niwaambie ukweli, sentensi nilikuwa nayo mdomoni, imeshapangwa. Mama, nakuomba. Yalikuwa maneno mawili tu, na nilitamani kuyasema kuliko nilivyowahi kutamani kusema kitu chochote maishani.

"Magesa," alisema. Akangoja.

"Wanakuchukua kiasi gani kwa siku?" niliuliza.

Kisha, kwa sauti ndogo sana, "Asubuhi viwili. Jioni viwili. Vikubwa."

"Mpe daktari simu."

Yule daktari kijana alikuwa mtu mwema, mwenye hofu ileile tuliyokuwa nayo sisi, na kwa hofu hiyo alikuwa akimpima asubuhi na jioni. Sitarudia yote niliyomwambia, kwa kuwa mengine si ya kuandikwa. Nilimuuliza kama jibu la jioni lingebadilisha chochote atakachofanya. Alifikiri, akasema hapana, maana hana cha kumpa. Nikamwambia basi asichukue. Nikamwambia kuna wodi ya watoto hapo kwao, akaombe vichupa. Nikamwomba akafungue kitabu cha mashine yao, kama kiko nje ya mfuko wa nailoni. Alikubali kupima mara moja kila baada ya siku tatu, kwa kichupa kidogo, na akaniuliza jina langu na cheo changu. Nikamtajia jina.

Jovitha hakunipigia tena kwa siku tatu, na nilijua amenikasirikia. Siku ya kumi na tatu ulikuja ujumbe: nne na pointi saba. Zile seli zilikuwa zimeota.

Ni nini kilichomwokoa, sijui. Yeye anasema Mungu. Jovitha, ambaye sasa ananisalimia vizuri, anasema daktari mkubwa wa Dar. Happiness anasema vichupa. Mimi sina ushahidi wa kumkatalia yeyote kati yao.

Alirudi Mwanza, na akaja kupimwa kwetu mwezi wangu wa mwisho kazini. Kilemba kilikuwa kimefunika nywele zinazoanza kuota, laini kama manyoya ya kifaranga. Juu ya meza palikuwa na tangazo jipya, nililoandika mimi na Happiness: SOMA MASHINE INATAKA KIASI GANI. CHUKUA HICHO. Alilisoma, akasema mwandiko wangu ni mbaya. Kisha akaketi kwenye benchi la nje na kunipa mkono wa kushoto.

Nilikuwa nimeng'ang'ania kumchukua damu mwenyewe. Nilipata mshipa mara ya kwanza, kwa kidole, kama alivyonifundisha. Damu ilipoanza kuingia kwenye kile kichupa cha mtoto nilikumbuka nne na nusu, nikakumbuka ile kalenda yenye vijistari, na nikachomoa sindano mapema. Nilijisifu moyoni. Nikaingia ndani, nikampa Happiness.

Alikiweka kwenye mashine. Mashine ikapiga kelele ndogo. Akakitoa, akakirudisha. Ikapiga tena. Aliniangalia kwa adabu ya mtu anayejizuia kitu fulani.

"Mzee, imekataa."

"Rudia."

"Nimerudia. Haifiki mstari."

Nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa mstari mdogo, wa mtoto mchanga, lakini mstari ulikuwepo, na damu ilikuwa chini yake. Nikachukua kichupa kingine nikatoka nje. Mama Koku alikuwa bado kwenye benchi, na Jovitha pembeni yake. Aliniona nikija, akaona nilichoshika. Nilifungua mdomo nianze kueleza habari za mashine, na yeye tayari alikuwa anakunja mkono wa kulia wa gauni.

"Niombe radhi," alisema, "halafu ujaze."